Gari Lililochemsha Kila Mlima

Mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa, sisi watu wa Mbulu na Hanang tuliambiwa tumekombolewa: hatutasafiri tena hadi Arusha kutafuta sahihi na mihuri. Nilifurahi kama wengine. Miezi michache baadaye nikapanda basi kwenda Arusha kutafuta gari.

Wakati huo nilikuwa na duka la dawa za mifugo pale Katesh. Kabla ya hapo nilikuwa bwana mifugo wa serikali, mwenye stashahada, baiskeli na funguo za josho. Kisha likaja soko huria. Majosho yakakauka, dawa ikaacha kuletwa, na wafugaji wakatangaziwa kwamba sasa wako huru kujinunulia wenyewe. Kupe nao walikuwa huru. Mimi nikaona huko ndiko dunia inakoelekea, nikaacha kazi, nikafungua duka, na kwa kuwa nilikuwa nauza dawa na kuchoma sindano, watu wakaanza kuniita daktari. Sikuwakataza.

Sasa daktari hawezi kuwaendea wagonjwa kwa baiskeli. Wateja wangu wengi walikuwa wafugaji wa upande wa Basotu, na ndugu zangu na wakwe zangu wote walikuwa juu kule Nambis, Mbulu. Nilihitaji kitu cha kupita kwenye tope la tambarare na cha kupanda mlima. Ndipo nikalipata gari lile dogo la Kijapani, fupi, la milango mitano, refu kwenda juu, lenye tairi la akiba mgongoni na magurudumu manne yanayovuta yote. Dalali aliniambia lilikuwa la bibi mmoja wa Japani aliyelitumia kwenda sokoni mara moja kwa wiki. Kwa jinsi kiti cha dereva kilivyochakaa, soko lile lilikuwa mbali sana. Kitabu cha maelekezo kilikuwemo kwenye kisanduku cha mbele, kizima, chenye picha nzuri. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa na kila kitu ambacho mtu anahitaji kukijua kuhusu gari lile, ila kwa Kijapani.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hana tabia ya kushangilia mapema, alilizunguka mara moja.

“Ni zuri,” alisema. “Linapanda Dareda?”

Asiyejua njia zetu nimweleze. Ukitoka Katesh kwenda Mbulu unafuata barabara ya Babati mpaka Dareda, kisha unapinda kushoto na kuukabili ukuta. Wenyewe tunauita mlima. Barabara inapanda ikijikunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa, mpaka unatokea juu kwenye baridi, mashamba ya maharage na ng'ombe wanene. Nilimjibu kwamba gari hili linapanda chochote. Na kwa miezi kama mitano hivi, nilikuwa nasema kweli.

Lilichemsha mara ya kwanza tukitoka Nambis baada ya Pasaka, tena tukiwa tambarare, karibu kabisa na Katesh. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti. Tulisubiri lipoe, tukaongeza maji ya kunywa ya watoto, tukafika. Kesho yake nikalipeleka kwa fundi.

Fundi huyu alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara. Alikuwa amejifunza kazi kwenye matrekta ya mashamba ya ngano, na mashamba yale yalipoyumba akahamia kwenye magari madogo, akiamini kwamba gari dogo ni trekta lenye redio. Alikuwa mkarimu, mchangamfu, na alikuwa na sifa moja niliyoiona kwa mafundi wengi na kwa madaktari wa mifugo, mimi nikiwemo: hakuwahi kusema hajui.

Alikuta mpira wa rejeta umepasuka kidogo, sehemu ya kutosha kupenya ukucha. Akaubadilisha. Kazi ya nusu saa. Ingeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini fundi alisema kwamba madhali amelifungua, aliboreshe. Feni ya gari lile ilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na kwa maelezo yake, feni ya namna hiyo inanyonya nguvu na kula mafuta. Yeye alikuwa na feni ya umeme aliyoitoa kwenye gari jingine lililopata ajali. Alinifungia siku hiyohiyo. Aliiunganisha na betri kwa waya mbili, akaniwashia nione. Ilizunguka vizuri, kwa kelele ya kuridhisha. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba sasa gari letu lina feni ya kisasa.

Juma lililofuata lilichemka nikiwa katikati ya mlima wa Dareda.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya mimi na fundi, safari ambayo ilidumu mwaka mzima na zaidi. Kwanza aliondoa thamostati. Hiki ni kidude kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Fundi alikitoa, akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akanieleza kwamba kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi, huku kwetu Afrika hakina kazi. Nilitingisha kichwa. Mimi niliyezaliwa Nambis, ambako mwezi wa saba watu wanavaa makoti mawili na maji ya kunawia asubuhi yanauma meno, nilitingisha kichwa nikakubali kwamba kwetu hakuna baridi.

Likachemka tena. Akaizibua rejeta. Likachemka. Akaniambia rejeta imechoka, tukatafuta nyingine Babati. Likachemka na rejeta mpya. Akabadilisha pampu ya maji. Akabadilisha kifuniko cha rejeta, kisha akasema kifuniko kile hakikuwa halisi, akaweka kingine. Mwishowe akatamka neno ambalo mwenye gari hulisikia kama mwenye ng'ombe anavyosikia kimeta: gasketi ya hedi. Injini ikafunguliwa. Kwa wiki mbili nilikwenda Basotu nikiwa nyuma ya pikipiki ya mtu, nimekumbatia sanduku la chanjo, huku viungo vya gari langu vikiwa vimepangwa juu ya gunia pale kibandani, na wapita njia wakisimama kuvitazama na kutoa maoni.

Jambo lililotuchanganya sote ni kwamba gari halikuchemka kila mahali. Kwenye barabara ya Singida, tambarare, nikikaza mwendo, mshale ulitulia kama mtakatifu. Nikipunguza mwendo, nikianza kupanda, au nikisimama na injini ikiunguruma, ulipanda. Fundi aliita hali hiyo “ugonjwa wa mlima”. Mimi, mtu mwenye stashahada, nililichukua jina hilo na kulitumia mbele za watu.

Kuna mteja wangu mmoja mfugaji, mtu mzima, mrefu, mwenye ng'ombe wengi nje kidogo ya Basotu. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na hakuyapoteza. Siku moja nilifika kwake nikitambaa katikati ya kundi la ng'ombe wake, kwa kuwa huwezi kuwapigia honi ng'ombe wa mtu na ukabaki na mteja. Nilipofika uani kwake gari lilikuwa linatoa moshi mweupe. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, kisha nikamwomba maji. Wake zake walikuwa wamechota ziwani asubuhi, mwendo mrefu. Nikamimina dumu la kwanza, nikamimina la pili. Yeye alisimama akiegemea fimbo yake, akatazama.

“Linakunywa kama ng'ombe,” alisema. “Maziwa linatoa?”

Nikasema halitoi.

Kisha akaniuliza kwa nini nikija kwa ng'ombe mgonjwa swali langu la kwanza ni alikula nini, alihamishwa lini, kitu gani kimebadilika, na je, gari hili nimeliuliza hivyo? Nilimweleza kwa upole kwamba gari ni mtambo, si sawa na mnyama, mambo yake ni ya kitaalamu. Akasema haya. Nikaingia zizini nikawachoma ng'ombe wake sindano, nikaondoka usiku ulipopoza hewa. Nilikuwa nimejibiwa na sikusikia. Bado huwa naona aibu kidogo nikipita njia ile.

Basi mdogo wa mke wangu akapata mchumba.

Huyu shemeji yangu alikuwa akiishi nasi Katesh na kunisaidia dukani. Harusi ilipangwa kufungwa kwao, parokia ya nyumbani kule Mbulu, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Palikuwa na kikao cha ndugu kupanga usafiri. Mmoja alipendekeza likodishwe gari kutoka Babati. Nilisimama. Nilisema itakuwa aibu kubwa kukodi gari ilhali katika ukoo kuna gari. Nilisema injini imetoka kufunguliwa, kila kitu ndani yake ni kipya. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mwembamba, amejifunga shuka lake begani, alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye alikuwa mjane aliyelea watoto saba kwa maharage na ngano ya shamba moja, na alikuwa na desturi ya kumwacha mtu amalize.

Siku ya harusi tuliondoka Katesh kabla ya jua. Bibi harusi alikuwa amekwisha kupambwa, kwa sababu alimwamini msusi wa Katesh kuliko wa Mbulu, na gauni lake jeupe lilijaza kiti chote cha nyuma mpaka msimamizi wake alionekana kichwa tu. Mke wangu alikaa mbele akiwa amepakata keki. Nilikuwa nimebeba madumu manne ya maji, jambo ambalo nililieleza kuwa ni tahadhari ya kawaida.

Tulifika Dareda vizuri. Tulianza kupanda. Kona ya kwanza, mshale ulikuwa katikati. Kona ya pili ulianza kusogea. Nilizima redio, kama vile redio ndiyo iliyokuwa ikilichosha gari. Kona ya tatu mke wangu alisema taratibu, “Kuna kitu kinanuka.” Alimaanisha gari. Kona ya nne tukasimama, mvuke ukitufunika hata bibi harusi akaonekana kama amekwisha kupaa.

Nilifanya yale ambayo kila mtu huambiwa asifanye. Kwa haraka yangu nilifungua kifuniko cha rejeta kabla halijapoa, maji ya moto yakaniruka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alama ninayo. Dumu la kwanza likaingia na kutoka. La pili tulimimina polepole, tukawasha, tukasogea labda mita mia mbili. La tatu. La nne. Saa mbili na nusu tulikuwa bado nusu ya mlima, hatuna maji, na simu yangu ya mkononi, ambayo nayo ilikuwa alama yangu ya maendeleo, ilikuwa ikitafuta mtandao kwa bidii.

Ukaja mlio wa lori kutoka chini. Lilikuwa limepakia saruji. Dereva alikuwa mzee wa makamo, mwenye kofia ya sufu. Alisimama, akashuka, akatazama gari, akanitazama mimi, akamtazama bibi harusi aliyekuwa amekaa na mikono mapajani kama mtu anayengoja hukumu.

“Harusi ni saa ngapi?” aliuliza.

Mke wangu ndiye aliyejibu. Mimi nilikuwa nimejishughulisha na boneti.

Dereva hakuuliza lingine. Alimwambia utingo wake apande juu kwenye mifuko, akakung'uta kiti, akatandika turubai safi, na shemeji yangu akapandishwa kwenye lori la saruji kwa kusukumwa kutoka chini na mke wangu na kuvutwa kutoka juu na dereva, gauni likikusanywa mikononi kama pamba. Msimamizi akafuata, kisha mke wangu na keki. Kabla ya kufunga mlango mke wangu alinitazama. Nilimwambia waende tu, nitawakuta. Lori likanguruma, likapanda mlima ule kwa utulivu na mzigo wake wote, saruji na ukoo wa mke wangu.

Niliketi kwenye jiwe. Nilikuwa nimevaa suti. Watu walipita wakienda mnadani na kunipa pole, na kila aliyenipa pole aliniuliza kama nimeangalia maji. Mmoja alisema labda ni gasketi. Gari lilikuwa limepoa zamani; saa nane mchana ndipo watu wawili wema wakaniletea maji ya mto, nikapanda kidogokidogo, nikisimama kila kona. Nilifika Nambis jua linaelekea kuzama. Misa ilikwisha, picha zilikwisha, hotuba ambayo mimi ndiye niliyepangiwa kuitoa kwa niaba ya ukoo ilitolewa na mtu mwingine, tena wakasema ilikuwa fupi na nzuri. Bibi harusi alikuwa ameingia kanisani na vumbi la saruji kwenye ncha ya shela, amechelewa robo saa tu. Padri, nikaambiwa, alisema kwamba nyumba hujengwa kwa saruji, na kanisa zima likacheka.

Mama mkwe alikuwa ameniwekea chakula, makande na kipande cha nyama chenye mfupa, kimefunikwa sahani. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza mkono umefanya nini, akaniletea asali ya kupaka. Hakutaja gari. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimepanga na majibu yake njiani, na sasa sikuwa na pa kuyapeleka. Nilikula nikiwa nimeinama.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, niliamua nilitazame gari mwenyewe. Nililisogeza mpaka katikati ya uwanja wa mama mkwe kwa sababu ndipo palipokuwa sawa. Yeye alikuwa pale na ungo wake, anapepeta maharage. Nilimwomba radhi, nikidhani atahama. Hakuhama. Uwanja ulikuwa wake. Nikaliacha gari limemwelekezea pua, hatua mbili tu kutoka kwenye kigoda chake, nikafungua boneti na kuwasha injini, niusubiri ugonjwa uje.

Ilikuwa siku tulivu. Moshi wa majiko ulipanda wima. Yeye alirusha maharage juu, akayadaka, akarusha, makapi yakadondoka mbele yake alipotaka. Baada ya dakika chache gari likapata joto. Nikabonyeza swichi ya feni, ile fundi aliyoifunga chini ya usukani. Feni ikalia. Makapi ya mama mkwe yakamrukia usoni.

Alifuta macho. Akarusha tena. Yakamrudia tena, mengine yakaingia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akaushusha ungo.

“Mkwe wangu,” alisema, “huu upepo unatoka kwenye gari?”

Nilikimbilia swichi nikazima, nikamwomba samahani mara tatu, nikasema naligeuza gari sasa hivi.

“Sijalalamika,” alisema. “Nimeuliza. Iwashe.”

Nikaiwasha. Akachukua konzi ya makapi, akaishika mbele ya pua ya gari, akaiachia. Yakaruka mbali na gari, kuelekea kwake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, feni hii kazi yake ni nini. Nilimweleza kitaalamu, kwa subira, kwamba maji ya moto yanapita mle mbele, na feni iliyo nyuma yake inavuta hewa baridi kutoka nje, inaipitisha pale, inakwenda ndani.

“Inavuta,” alisema.

“Ndiyo, mama. Inavuta.”

“Lakini hii inasukuma.”

Nilisimama pale na mkono wangu uliopakwa asali. Kuku walikuwa wanakuja kwenye makapi. Nikaenda mbele ya gari, nikainama, nikaweka uso wangu pale alipokuwa uso wake, na upepo wa moto, upepo wa injini yangu mwenyewe, ukanipuliza usoni. Mwaka mzima. Feni ya kisasa ilikuwa inazunguka kinyume. Nikienda kasi, hewa ya njiani iliishinda nguvu, gari likapoa. Nikipanda mlima polepole, feni ilishinda, ikalirudishia gari joto lake kwa uaminifu mkubwa. Rejeta ya awali, pampu ya awali, injini iliyofunguliwa na kufungwa, vyote vilikuwa vizima tangu mwanzo, na mimi nilivifukuza kimoja kimoja kama mtu anayewauza ng'ombe wake kwa sababu zizi lina kunguni.

Nilizima injini. Nilichukua kisu cha jikoni na kipande cha mpira wa baiskeli. Waya mbili za feni zilikuwa zote nyeusi; nilizikata, nikazivusha, ya huku ikaenda kule, nikazifunga. Nikawasha. Mama mkwe akashika makapi mengine, akayaachia. Yakavutwa yakagandamana kwenye wavu wa gari, yakabaki pale.

“Haya,” alisema, akarudi kwenye kigoda. “Sasa lisogeze.”

Mke wangu alikuwa mlangoni, ameona yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka mpaka kesho yake, tulipoteremka Dareda, nikageuza gari kule chini kabisa na kuupanda mlima wote tena bila sababu yoyote, mke wangu pembeni akisema tutachelewa, kisha nikateremka, nikataka kupanda tena. Akanikataza.

Fundi nilimwendea Jumanne. Nilikuwa nimekasirika vya kutosha. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwonyesha waya. Alizitazama, akakuna shingo, akasema kwamba kwenye lile gari jingine waya ya nyuma ndiyo iliyokuwa ya moto, yaani yenye umeme. Kisha akaongeza, “Afadhali imejulikana, daktari.”

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakumbuka ndama wa mteja mmoja wa Endasak niliyemchoma dawa za aina nne kwa wiki mbili, moja baada ya nyingine, kila moja kwa uhakika, mpaka mwenyewe alipogundua kwamba ndama amemeza kamba. Niliwahi kumwambia mtu yule afadhali imejulikana. Nilifunga mdomo. Fundi akaniagizia chai ya maziwa, tukanywa, na akaniomba nisiwaambie wateja wengine. Nikaona wengine walikuwa wanajua tayari. Katesh ni mji mdogo, na dereva wa lori la saruji alikuwa mtu wa kusimulia.

Tangu siku hiyo nilinunua spana zangu, na nikajifunza kubadilisha mwenyewe oili, plagi na pedi za breki, polepole, kwa kutazama zile picha za Kijapani. Gari halikukoma kuharibika. Lilikuwa zee, starta ilikufa, shokapu zikavuja, mlango wa nyuma ukakataa kufunguka kutoka ndani. Lakini kila nilipokuta kasoro niliuliza kwanza nini kilibadilika, na nilipokuwa sijui nilisema sijui, mara nyingi nikiwa peke yangu chini ya gari ambako hapakuwa na wa kunisikia.

Aliyebadilika zaidi ni mama mkwe. Kabla ya hapo alikuwa haingii ndani ya gari lile hata kwa kubembelezwa. Sasa alilihesabu kuwa lake kwa sehemu, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Alianza kuteremka Katesh nasi siku za mnada, amekaa mbele, mke wangu akihamia nyuma bila kuulizwa. Siku moja alitokea kati ya watu akivuta kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi dume mkubwa, mweusi, mwenye ndevu na harufu yake kamili. Nilimweleza kwa heshima kwamba gari hili si la mifugo, viti vimevikwa vitambaa vipya, na kuna malori yanayopanda Mbulu jioni ile.

“Mimi nilidhani wewe ni daktari wa mifugo,” alisema.

Mke wangu akasogea pembeni, akamwachia mbuzi upande wa dirishani.